Akaunti Moja kwa Nyumba Nzima

Jumapili, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na wifi amefika nayo. Ameshuka kwenye teksi na sanduku moja, mwavuli uliovunjika ubavu, na sufuria yake mwenyewe, eti sufuria za watu hazimjui. Paa la nyumba yake limeezuliwa upande mmoja, na fundi amemwambia hagusi bati mpaka mvua itulie. Kwa hiyo atakaa nasi msimu mzima. Mume wangu amempokea dada yake kwa mikono miwili. Mimi nimempokea kwa tabasamu na kikombe cha chai. Amekipokea, akakinusa, akamwaga chai taratibu kwenye sinki, akakisuuza kikombe na kujimiminia upya.

Binti yetu amesema sasa nyumba ina waifai na wifi, tutaona ipi ina nguvu zaidi. Nimejifanya kumkaripia, kisha nikaenda kucheka jikoni.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Wifi amesuuza vikombe vyote vya kabatini, hata vile vya wageni.

Ijumaa, 8 Machi

Nimerudi kutoka maabara na kumkuta mume wangu amekaa sakafuni, mgongo ukutani, kashika ile diski yake ya nje kama mtu aliyeshika ndege aliyekufa. Mguu wake ulinasa kwenye waya, diski ikavutika mezani ikapiga vigae. Ukiichomeka kwenye kompyuta inalia kr-kr-kr, kisha kimya. Fundi ameisikiliza kidogo tu akatikisa kichwa.

Yeye kazi yake ni kupiga video za harusi za watu. Za wateja huzikabidhi mapema, hazimo. Zetu ndizo zilizokuwemo: harusi yetu, kuzaliwa kwa binti yetu, hatua zake za kwanza, mama mkwe kabla hajafariki. Harusi za watu wote ziko salama, yetu imekufa.

"Na ile ya mama akiwa amembeba mtoto dirishani?" wifi aliuliza.

"Ilikuwa humo, dada."

Wifi aliweka chini kitambaa cha vyombo, akaingia chumbani, hakutoka hadi chakula. Sikuwahi kujua kama picha ile alikuwa akiijua.

Jumatatu, 11 Machi

Mume wangu hazungumzi kitu kingine ila kisanduku cha kuhifadhia. Unakiunganisha na ruta ya waifai, anasema, na kila simu na kompyuta ya nyumbani inapeleka humo picha zake yenyewe, bila mtu kukumbuka, halafu jioni mnaangalia filamu zenu na picha zenu kwenye runinga. Amefungua kurasa nyingi za kulinganisha hiki na kile. Nimemwambia achague kilicho rahisi. Kitu kikiwa kigumu tutakitumia wiki moja, kisha kitakuwa cha kuwekea maua juu yake.

Jumatano, 13 Machi

Mdogo wangu ameambiwa na daktari asiinuke kitandani mpaka ajifungue. Anachoka, analia. Nimemrekodia video fupi jikoni, nimejifunga kitambaa cha vyombo kichwani, namwigiza wifi anavyonusa kikombe: pua juu, jicho moja limefumba, "Mh. Hiki kimelala na kitunguu." Amenijibu kwa sauti ya kucheka mpaka akakohoa. Nimejiona daktari.

Jumamosi, 16 Machi

Dukani. Tumelowa kabla ya kufika. Muuzaji ni mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba, mtulivu, hakusukumii kitu. Alitupangia vitu vitatu mezani. Cha kwanza ni kasha tupu. Diski unanunua mwenyewe, unapachika, unakaa na kompyuta mchana kutwa ukikipanga. Cha pili kidogo, cheupe, kina diski moja tu ndani, hakina cha kukupa kazi. Cha tatu kina diski mbili zinazoandika kitu kilekile, moja ikifa nyingine inabaki.

Mume wangu alikuwa akilitazama lile kasha kwa mahaba. Nikamwambia, "Mwenzangu, wewe ukisafiri nani atalihudumia?" Tukakubaliana cha tatu, maana nacho ni rahisi: unachomeka, unapiga picha ile alama iliyo chini yake kwa simu, basi.

Muuzaji akauliza, "Niwaelekeze kufungua akaunti ya kila mtu, au moja ya nyumba nzima? Za kila mtu ni kazi kidogo, lakini kila mmoja anakuwa na chumba chake."

Mume wangu alifungua mdomo. Mimi nikawahi. "Moja. Sisi ni familia, hatufichani."

Nilisema kwa madaha kabisa. Mteja mmoja aligeuka kunitazama, nami nikapenda alivyonitazama.

Akaongeza kwamba diski mbili zile ni kioo tu, ukifuta kitu huku, na kule kinafutika, hivyo kwa vitu vya thamani tuwe na diski nyingine ya pembeni, ya kuchomeka mara mojamoja na kuweka kabatini. Nikasema tutaona.

Jumapili, 17 Machi

Kimefanya kazi. Sikuamini. Tumekiweka chini ya runinga, kinawaka taa ndogo ya bluu. Nimeunganisha simu yangu, ya mume wangu, ya binti yetu. Mchana kutwa kimekuwa kikinyonya picha kutoka kwenye simu zetu, na kufikia jioni tumekaa wote tukiziangalia kwenye runinga. Hata wifi alivuta kiti karibu. "Kumbe kinajua chenyewe," alisema.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua ya kutoboa mwavuli. Wifi anapiga pasi mpaka vitambaa vya vyombo. Nimempelekea mdogo wangu video ya pili.

Jumapili, 24 Machi

Wifi amenijia jikoni na kitu kilichofungwa kwenye leso. Ni simu ya zamani, ya vitufe, kioo kimepasuka. Ndani yake kuna sauti za mume wake. Marehemu alikuwa mwalimu wa udereva, watu wote walimwita Mwalimu. Kila siku akiwa amepaki kumsubiri mwanafunzi alikuwa akimrekodia mkewe maneno mawili matatu na kumtumia. Tangu amefariki, wifi husikiliza moja kila asubuhi.

"Nimeona kile kisanduku chenu," alisema, huku akiangalia sakafu. "Kama kuna nafasi. Simu hii siku hizi inawaka ikitaka."

Nimemwambia ipo nafasi ya kutosha, wikiendi ijayo nitamwekea.

Jumamosi, 30 Machi

Sikufanya. Nilikuwa na nguo za kufua na hakukuwa na jua la kuzikausha, basi nikalala.

Jumamosi, 6 Aprili

Sikufanya tena. Wifi hakuuliza. Alipitisha leso ile mezani, akaikunja vizuri, akairudisha mfukoni.

Jumapili, 14 Aprili

Nimefanya leo, kwa sababu mume wangu amenitolea macho. Ni kazi ya kuchosha: unachomeka waya, unaingia kwenye kompyuta, unahamisha, simu inazima, unaanza upya. Wakati nasubiri nikawa nasikiliza. Nakiri Mwalimu alikuwa mchekeshaji. Kuna moja anasema, "Mama, leo nina mzee mmoja, anarudi nyuma vizuri kuliko anavyokwenda mbele. Nimemwambia basi afike kwake kinyumenyume." Nyingine, "Huyu dada anakamata usukani kana kwamba utamtoroka." Zote zinaishia hivyohivyo: "Haya, niko njiani."

Nimezituma chache kwa mdogo wangu. Amecheka sana ile ya mzee.

Jumatano, 17 Aprili

Nimegundua jambo. Asubuhi wifi anaposikiliza, anamjibu. Nilipita mlangoni na chupa ya chai nikasikia. Sauti ya Mwalimu ilisema "Haya, niko njiani," na wifi, akiwa anakunja shuka, akajibu kama mtu anayejibu simu: "Haya, njoo polepole, barabara ina utelezi."

Nimemrekodia mdogo wangu video. Nimejifunga kitambaa, nimeshika kijiko cha mbao sikioni, nimefanya ile sauti yake ya puani: "Njoo polepoleee, barabara ina utelezi." Nimeipatia sana. Mdogo wangu hakucheka kama kawaida. Ameandika tu, "Dada, hiyo mbona..." Nikamjibu ni utani.

Jumatatu, 22 Aprili

Simu ya wifi imekufa. Betri imevimba mpaka mfuniko umeruka. Fundi amesema ubao wa ndani umeungua, hakuna cha kuokoa. Wifi alikuwa ametulia. Alinishika mkono mbele ya mume wangu akasema, "Bila wewe, wifi yangu, leo ningekuwa nimefiwa." Binti yetu amemwonyesha jinsi ya kuzisikiliza kwenye runinga. Nilijisikia mtu mwema siku nzima, hata kazini.

Jumapili, 28 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Shangazi wa mume wangu alikuja na baba mdogo kumsalimia wifi. Tukala, mvua inapiga bati, wote tumeshiba, hakuna anayetaka kuinuka. Shangazi akauliza habari za hicho kisanduku alichosikia kinahifadhi kila kitu. Mume wangu akafurahi kama mtoto. Akachukua rimoti, akafungua ukurasa ule unaoitwa Kumbukumbu za Familia, ambao kisanduku kinaupanga chenyewe, akabonyeza, akaegemea kiti.

Zikapita picha za binti yetu na sare za shule. Ikapita picha ya dimbwi la uani. Shangazi akasema lile dimbwi mngefuga samaki. Watu wakacheka.

Kisha nikajiona mimi, mkubwa kama runinga yenyewe, na kitambaa kichwani.

Nilijua kabla sijasikia. Nilisema "Zima," lakini nilisema kwa sauti ndogo, na mume wangu alidhani ni kichekesho cha kawaida, akaongeza sauti. Basi sebule nzima ikanisikia nikinusa kikombe. "Hiki kimelala na kitunguu." Baba mdogo alianza kucheka, kwa sababu hakujua ni nani anayeigizwa. Shangazi hakucheka. Alishageuza shingo kumtazama wifi.

Mume wangu akaanza kuitafuta rimoti aliyokuwa ameikalia. Wakati anaitafuta ikaja ile nyingine, ya kijiko cha mbao. "Njoo polepoleee, barabara ina utelezi."

Baada ya hapo runinga ilizimwa. Nafikiri binti yetu ndiye aliyechomoa waya.

Wifi alikuwa amekaa kiti cha karibu na dirisha. Hakuniangalia. Alikuwa akitazama mahali nilipokuwa kwenye runinga, sasa peusi. Kisha akasimama, akakusanya vikombe kwenye sinia, akauliza wageni nani anaongezewa chai. Akaenda jikoni. Tulimsikia akifungua maji, na tulisubiri aanze kusuuza vikombe. Hakusuuza. Aliyaacha maji yatiririke tu, kisha akayafunga, akaleta chai kwenye vikombe vilevile.

Shangazi alipokuwa akiaga aliniambia mlangoni, "Una kipaji, mwanangu." Mkono wake haukushika wangu, uliugusa tu kama unaojaribu ukuta wenye rangi mbichi.

Jumatatu, 29 Aprili

Mume wangu hajagomba. Ameniuliza neno moja tu: "Na Mwalimu pia?" Nikasema ilikuwa ni ya kumchekesha mgonjwa. Akasema, "Mgonjwa gani huyo anayepona kwa dada yangu?" Kawaida ananiita mwenzangu. Leo ameniita wewe.

Binti yetu anakula chumbani.

Jumanne, 30 Aprili

Asubuhi nilimfuata wifi alipokuwa anafagia kibarazani. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Nikasema, "Wifi, nisamehe, sikujua kwamba itatokea kwenye runinga."

Akasimamisha ufagio. "Hilo ndilo unaloombea msamaha?"

Akaendelea kufagia, nami nikasimama nimeshika mkoba wa kazini mpaka akafikia miguu yangu, akaizunguka.

Maabara leo nimeweka damu ya mtu chini ya darubini, nikakaa naitazama bila kuandika majibu. Mwenzangu wa zamu alidhani nimesinzia.

Jumatano, 1 Mei

Sikukuu, hakuna kazi. Wote wametoka, wifi ameenda kuangalia paa lake. Nimekaa na kompyuta nikaingia kwenye kisanduku kuzifuta video zangu. Sikutaka ibaki hata moja. Kila nikifungua nakuta uso wangu. Nikachagua kila kitu kilichoingia tangu katikati ya Machi kutoka kwangu, nikafuta. Kikaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ndiyo. Kuna kikapu cha taka ambamo vitu vilivyofutwa hukaa kwanza, nacho nikakimwaga. Nikajisikia nimeoga.

Ijumaa, 3 Mei

Asubuhi wifi, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile, ameketi mbele ya runinga, amewasha. Amebonyeza mara ya kwanza. Amebonyeza tena. Amemwita binti yetu, taratibu, "Mwanangu, hebu njoo uone, sauti za Mwalimu zimejificha wapi."

Nilikuwa mlangoni navaa viatu. Kabla binti yetu hajafika nilishajua. Mimi ndiye niliyeziingiza, kutoka kwenye kompyuta yangu, katikati ya Aprili. Kwa kisanduku zilikuwa zangu. Akaunti moja. Hatufichani.

Nimetoka nimeenda kazini. Ndiyo, nilitoka. Nilifunga viatu nikatoka kwenye mvua bila mwavuli, nikamwacha mtoto anatafuta.

Mchana nilikwenda dukani. Yule mama wa miwani alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunikumbusha alichotuambia. Aliniuliza tu, "Kikapu ulikimwaga?" Nikasema ndiyo. Akavua miwani. "Diski mbili zile zinafuata amri. Ukiziambia zifute, zote mbili zinafuta. Kama hamkuweka nakala pembeni, hapa kwangu sina la kukusaidia."

Nikamshukuru. Nje nililia kama mtu aliyeibiwa, na mwizi nilikuwa mimi.

Jumamosi, 4 Mei

Nimewaambia. Nimesema tu, "Nilikuwa nafuta zangu, nikafuta na zile." Mume wangu alitoka nje akasimama mvuani. Wifi aliuliza, "Zote?" Nikaitikia kwa kichwa. Akasema, "Haya." Lile neno la Mwalimu, nalo likatoka kavu.

Jumatatu, 6 Mei

Nimekumbuka kwamba mdogo wangu anazo. Zile chache nilizomtumia acheke, ambazo kwangu nilizifuta pamoja na video. Nimemwomba azirudishe, amezirudisha zote bila kuuliza. Ya mzee anayerudi nyuma, ya usukani, ya kupaki kivulini, na moja anamkumbusha mkewe kunywa dawa.

Furaha ilinijia, lakini haikukaa. Nitasema nimezipata wapi?

Jumanne, 7 Mei

Nimesema ni fundi. Nimesema kuna fundi mmoja mjini ameweza kuokoa kidogo. Nimechomeka diski ndogo kwenye runinga, sauti ya Mwalimu ikajaa sebuleni: "Afike kwake kinyumenyume. Haya, niko njiani."

Wifi alifunika uso kwa viganja. Hakujibu ile "njoo polepole". Nilisubiri ajibu. Sasa najua hatajibu tena nikiwa karibu.

Kisha akaniambia ahsante. Kwa heshima kabisa, kama mgeni.

Alhamisi, 9 Mei

Mvua imepungua. Wifi amemshonea yule fundi kitambaa cha mezani, amekidarizi pembe zote nne. Amekipiga pasi, amekifunga kwenye karatasi safi, akaniomba nimpelekee.

"Mwambie sina kikubwa," alisema. "Lakini hajui alichonifanyia."

Nimekiweka kwenye mkoba. Kimekwenda kazini na kurudi.

Jumamosi, 11 Mei

Alikuwa anapiga pasi. Mume wangu yuko kwenye harusi ya watu, binti yetu yuko kwa rafiki yake. Niliweka kile kifurushi juu ya meza ya pasi.

"Hukumkuta?" aliuliza.

"Wifi, hakuna fundi."

Aliendelea kupitisha pasi kwenye kola ya shati.

"Zilikuwa kwenye simu ya mdogo wangu. Nilimtumia mimi, zamani kabla ya zile video kuonekana. Siku ileile uliponikabidhi simu yako."

"Ulimtumia za nini?"

"Acheke."

Aliisimamisha pasi. Mvuke ulikuwa ukipanda katikati yetu. "Akacheka?"

"Ndiyo."

"Ile ya mzee?"

"Hiyo zaidi ya zote."

Alikaa. Alilishika shati lile la mdogo wake mapajani kama aliyekuwa akilipima. Nilingoja anitukane, na Mungu anajua ningefurahi.

"Alipenda watu wacheke," alisema mwishowe. "Angekuona pale kwenye runinga angecheka yeye wa kwanza. Hata mimi vikombe nanusa, najua. Lakini zile alinitumia mimi, wifi. Si wewe. Mimi nilikuwa na kitu kimoja duniani ambacho mtu alikisema akinifikiria mimi peke yangu."

Nikasema najua.

"Hujui," alisema, bila ukali. "Ungejua usingenidanganya na fundi. Nimekaa siku nne namwombea dua mtu asiyekuwepo."

Akachukua kifurushi, akakifungua, akatandika kile kitambaa juu ya meza yetu ya chakula. Kisha akarudi kwenye shati.

Jumapili, 12 Mei

Nimekula chakula juu ya kitambaa cha fundi. Nimemwambia mume wangu yote. Alisikiliza, akasema, "Angalau umesema." Bado ananiita wewe.

Jumatano, 15 Mei

Wifi amenishangaza. Amenikuta nafua, akasimama na kiti mkononi. "Nyingine nazikumbuka," alisema. "Nimezisikiliza kila siku, sitazisahau mpaka nizeeke, na nazeeka. Niwekee simu nizungumze."

Nimemwekea simu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akazisema, moja baada ya nyingine: mwanafunzi aliyesalimia trafiki kwa mikono miwili, gari lililozimika kwenye mteremko, siku Mwalimu alipokuta ganda la ndizi kwenye kiti. Zote kwa maneno ya mumewe, hakuruka pumzi. Katikati alikwama.

"Ile 'haya' yake," alisema. "Inapanda au inashuka? Wewe masikio yako yanashika."

Nikajaribu. "Haya, niko njiani."

Alisikiliza kwa makini, kichwa pembeni. "Hapana. Yako inamcheka. Yeye alikuwa na haraka ya kuja." Akafumba macho, akaisema mwenyewe, na ikawa ndiyo. Niliijua papo hapo. Mapovu yalikauka mikononi mwangu.

Alipomaliza alisema, "Usiiweke kwenye hicho kisanduku chenu."

Nimehamishia kwenye ile diski ndogo yenye sauti za Mwalimu, sasa ni yake, na kwenye simu yangu nimefuta mbele ya macho yake. Aliomba aone kikapu. Nikamwonyesha.

Jumatatu, 20 Mei

Jua. Fundi wa paa ametuma ujumbe kwamba ameanza.

Ijumaa, 24 Mei

Mume wangu na binti yetu wamekaa na kisanduku jioni nzima wakifungua akaunti za kila mtu. Binti yetu hakutaka nione anachoandika. Ni haki yake. Mimi nimepewa chumba changu. Ni kitupu. Leo mume wangu ameniita mwenzangu kwa bahati mbaya, akaendelea kuongea kama hakusema.

Jumamosi, 1 Juni

Wifi anaondoka kesho. Ameniomba nimsindikize dukani. Anataka cha kwake. Nikadhani nimesikia vibaya, kwamba anataka kwenda na mume wangu. "Na wewe," alisema. "Najua utabeba bila kuongea."

Yule mama wa miwani alitutambua, akatupangia tena vitu mezani. Wifi hakuuliza kipi ni rahisi. Aliuliza umeme ukizimika inakuwaje. Aliuliza mtu akikosea kufuta anarudishaje, na muda gani. Aliuliza kuhusu nakala ya pembeni, akachagua na diski ndogo ya kuweka kabatini. Akainua kasha, akalinusa, muuzaji akashangaa, nami nikaangalia chini. Alichukua muda. Watu walisimama nyuma yetu, wakaondoka, wakaja wengine.

"Akaunti tufungue kwa jina la nani?" muuzaji aliuliza.

"Langu."

"Na mtu mwingine wa familia, kama ukisahau nenosiri?"

Wifi alifikiri. Nilisimama pembeni na ile diski mikononi. Nilijua jibu, na bado nilikuwa nangoja kama mjinga.

"Hakuna," alisema. "Nitakumbuka."

Muuzaji akamsogezea kibodi. Wifi akavuta kiti, akavaa miwani yake, akaanza kuandika kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi. Hakuna aliyeniambia nigeuke. Niligeuka nikauelekea ukuta, nikasoma bei za taa mpaka nikasikia amemaliza.